Migongano: hesabu huharibika kabla hujashika kikokotoo

Kauli zilizo kwenye alama za nukuu hapa chini ni dhana potofu za kawaida kuhusu migongano; kila moja inafuatwa na sahihisho lake.

"Momenta ni tungamo mara kasi, basi."

Uelekeo umo ndani yake pia, na hapo ndipo alama nyingi zinapopotea. Mpira wa kilo 0.5 unapiga ukuta kwa mita 6 kwa sekunde na kurudi kwa mita 4 kwa sekunde. Momenta imebadilika kwa kiasi gani? Wengi huandika 0.5 × (6 − 4) na kupata 1. Lakini ukiuita upande wa ukutani chanya, mwendo wa kurudi ni −4, na mabadiliko ni 0.5 × (−4 − 6), yaani −5 kg m/s. Mara tano ya jibu la wengi.

Anayekosea hapa ana mwenzake mashuhuri. Mwaka 1644 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alitoa kanuni za migongano akihesabu ukubwa mara kasi bila kujali uelekeo, akafikia hata kudai kwamba kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisogeza kikubwa kilichotulia. Mtoto yeyote anayecheza gololi angembishia. Mwanasayansi Christiaan Huygens wa Uholanzi aliingiza uelekeo, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 1669. Basi kabla ya kuandika namba yoyote, chora mshale na uamue upande upi ni chanya.

"Lori huipiga pikipiki kwa kani kubwa kuliko ile linayoipata lenyewe."

Dhana hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa sababu macho yanaiunga mkono. Kani ni sawa pande zote mbili. Ndiyo sheria ya tatu ya Newton. Kinachotofautiana ni badiliko la kasi. Tuseme lori la kilo 10,000 na pikipiki yenye kilo 200 pamoja na dereva wake, kila kimoja kikienda mita 20 kwa sekunde, vinagongana uso kwa uso na kunasana. Jumla ya momenta haibadiliki katika mgongano, hivyo kasi baada ya hapo ni (200,000 − 4,000) ÷ 10,200, takriban mita 19.2 kwa sekunde kuelekea lilikokuwa likienda lori. Lori limepoteza 0.8 tu. Pikipiki imebadilika kwa 39.2, na mwili wa binadamu hauhimili hilo.

"Momenta ikihifadhiwa, nishati ya mwendo nayo haipungui."

Hupungua. Toroli ya kilo 2 kwa mita 3 kwa sekunde ikinasa ya kilo 1 iliyosimama, zote huenda kwa mita 2 kwa sekunde: momenta ni 6 kabla na baada, ila nishati ya mwendo imeshuka kutoka jouli 9 hadi 6.

"Kanuni moja inatosha swali zima."

Mtego wa mitihani. Gari la kilo 1,000 linagonga jingine kama hilo lililosimama, yananasana na kuteleza mita 10 hadi kusimama. Msuguano ni nusu ya uzito, na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10, hivyo magari yanapunguza mwendo kwa 5. Anza mwisho: v² = 2 × 5 × 10, hivyo kasi mara tu baada ya kugongana ni mita 10 kwa sekunde. Kisha tumia momenta kwa mgongano wenyewe: gari lilikuja na mita 20 kwa sekunde. Anayetumia nishati mwanzo hadi mwisho hupata karibu 14, kwa sababu amesahau nishati iliyoishia kwenye kukunja mabati.