TEHAMA si jina jingine la kompyuta

Wiki iliyopita, katika mkutano wa wazazi hapa Wete, Pemba, nimelisikia tena kwa mwalimu: "Skuli yetu imeletewa TEHAMA." Zilizoletwa ni kompyuta kumi. Tukapiga makofi, nami nikapiga kwa moyo wote, maana ni neema. Lakini neno hili tunalibana mno, na watoto wanatusikia.

TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani vyombo na njia zote za kukusanya, kuhifadhi, kupeleka na kupokea habari. Kompyuta imo, redio imo, simu ya kitochi imo. Waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja mwaka 1879 nao ulikuwamo. (Na anayesema "teknolojia ya TEHAMA" ametaja teknolojia mara mbili.)

Kinachonikera zaidi ni ile MA ya mwisho, ambayo watu huimeza. Habari ni neno la Kiarabu, na habari yaweza kwenda upande mmoja: mtangazaji anasema, wewe unasikiliza, basi. Mawasiliano ni jambo jingine. Shina lake ni wasili, nalo la Kiarabu, kwa maana ya kufika; meli huwasili bandari ya Mkoani. Kiswahili kikalitia -ana, ile ile ya kupendana na kuandikiana, likawa wasiliana: mimi nikufikie, nawe unifikie. Jibu lisiporudi, mmoja amewasili, hamjawasiliana.

Na humo kwenye MA ndimo nchi zinazoendelea zilimofaidika sana. Angalia wavuvi wa Kerala, India. Zamani kila mvuvi aliuza samaki wake kwenye diko la kwao, yaani pale pwani wanaposhushia samaki. Samaki wakizidi walitupwa, na diko la jirani wanunuzi wakarudi mikono mitupu. Kuanzia mwaka 1997 simu za mkononi zikafika pwani ile. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007, alionyesha kilichofuata: wavuvi walipiga simu wangali baharini, wakauliza bei, wakaelekea palipo na wanunuzi. Samaki wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8, na mlaji akanunua kwa bei iliyoshuka asilimia 4. Hapakuwa na kompyuta hapo. Palikuwa na swali na jibu, kama mvuvi wa Msuka anavyoulizana na mchuuzi wa hapa Wete kabla ya kutia nanga.

Zile kompyuta kumi bado hazina intaneti. HA zinayo, MA bado.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, mkutano ujao sema tu, "Tumeletewa kompyuta." TEHAMA mlikuwa nayo zamani, katika hiyo simu unayowapigia wazazi mtoto akishikwa na homa darasani, nao wakakwambia wako njiani.