"Kinasa Kilikuwa Kimya": Dhana Potofu za Wacheza Gemu za Nyambizi Kuhusu Rada

Mchana nashughulika na rada za kweli hapa Tanga: za matagi, za meli zinazofunga gati, na za boti chache za uvuvi ambazo wenyewe wana uwezo huo. Jioni vijana wa Chumbageni na Raskazone hunijia na kompyuta zao, wengi wakicheza magemu ya nyambizi za Ujerumani za Vita Kuu ya Pili. Wimbo ni ule ule: "Fundi, gemu linachiti. Kinasa rada kilikuwa kimya kabisa, ndege imetokea wapi?" Kinasa rada ni kile kifaa cha nyambizi kinachosikia mawimbi ya rada ya adui. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

"Kinasa kikiwa kimya, angani hakuna mtu."

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Ukimya wa kinasa una maana finyu sana: katika masafa ya mawimbi (si umbali) ambayo kinasa hiki kinayasikiliza, kwa upande ambao antena imeelekea, sasa hivi hakuna rada inayonipiga kwa nguvu ya kutosha. Haukuambii lolote kuhusu ndege iliyozima rada, rubani anayetumia macho, wala rada ya masafa mengine.

Hilo la masafa ndilo lililowamaliza Wajerumani wenyewe. Agosti 1942 walianza kufunga kinasa kiitwacho Metox. Ndege za doria za Uingereza zilikuwa na rada ya wimbi la mita 1.7 hivi, na Metox iliisikia vizuri. Antena yake ya kwanza ilikuwa msalaba wa mbao wenye nyaya. Baharia alipanda nao kwenye mnara wa nyambizi akauzungusha kwa mkono, huku kebo ikipita kwenye mlango wa mnara. Kabla ya kuzamia, ilibidi msalaba na kebo virudishwe ndani, ndipo mlango ufungwe. Bado sijaona gemu linalomdai mchezaji sekunde hizo, na wanaodai wanataka uhalisia hawajawahi kuniuliza habari zake.

Mwanzoni mwa 1943 Waingereza wakaleta rada ya sentimita 10. Metox iliishia kwenye mawimbi ya sentimita 60 hivi; chini ya hapo ni kiziwi. Nyambizi imeibuka usiku kuchaji betri, ndege inaipiga rada kilomita baada ya kilomita, na kinasa kinasema shwari. Kisha taa kubwa inawaka ghafla juu ya vichwa vyao na mabomu yanafuata. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujasema gemu linachiti, tazama tarehe kwenye skrini. Kama ni Aprili 1943 na umefunga Metox, ukimya ule ndio uhalisia uliokuwa unaudai. Ukiingia kwenye mafaili ukakipa kinasa uwezo wa kusikia kila kitu, cheza kwa raha zako, ila usiniletee habari za uhalisia.

Anayedhani haya ni mambo ya zamani aje bandarini. Meli za tani 300 na kuendelea zinazokwenda safari za kimataifa zinatakiwa kuwa na rada ya sentimita 3; zikifika tani 3,000 huongezewa ya pili, na kwa kawaida hiyo ni ya sentimita 10. Kifaa cha dharura kinachojibu rada, kile kinachobebwa kwenye boti za uokoaji, husikiliza ile ya sentimita 3 tu. Kikipigwa nayo, skrini ya meli huonyesha mstari wa nukta 12. Nahodha akitafuta watu kwa rada ya sentimita 10 pekee, nukta hizo hazioni hata wakiwa karibu. Watu wapo, kifaa kizima, rada nzima, ila masafa hayakutani.

Wajerumani waliipata rada mpya ya Waingereza mapema, kutoka kwenye ndege iliyoanguka karibu na Rotterdam Februari 1943. Hata hivyo kinasa cha kuisikia, Naxos, kilifika kwenye nyambizi mwishoni mwa mwaka huo, na vinasa vya mwanzo vilikuwa na antena ndogo ya kushika mkononi na onyo la umbali mfupi. Tunis, iliyosikia sentimita 10 na sentimita 3 pia, ilikuja 1944. Anayetaka Naxos Januari 1943 kwa kuwa amekusanya pointi nyingi anaomba muujiza.

"Rada ikiniona ndipo kinasa kinalia."

Kinyume chake. Wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha karabai usiku, wewe uliyesimama gizani ufukweni unaiona taa kutoka mbali sana, lakini mwenye taa hakuoni. Wimbi la rada linakufikia kwa safari moja. Mwangwi unaomrudia yeye umesafiri mara mbili. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayofika kwako inashuka hadi robo, na mwangwi unaomrudia unashuka hadi sehemu moja ya 16. Kinasa kinachosikia masafa sahihi kinakupa nafasi kubwa, mpaka mviringo wa dunia ukatize.

Na mviringo huo baadhi ya magemu yanaupuuza, yanakipa kinasa duara moja la umbali kwa kila adui. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu alipo adui, zidisha jumla hiyo kwa 4.12, unapata kilomita. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji, rada ya meli iliyo mita 25 juu utaisikia kilomita 29 hivi. Ndege iliyo mita 600 juu ni kama kilomita 109. Duara moja haliwezi kuwa sahihi kwa wote wawili.

"Sauti ikipungua, ndege inaondoka."

Kinasa cha aina hii hakipimi umbali. Kinakupa nguvu ya mawimbi tu, na nguvu hiyo mwenye rada anaweza kuichezea. Waingereza walitengeneza kifaa cha kupunguza nguvu ya rada taratibu kadiri ndege inavyoikaribia nyambizi, ili msikilizaji aamini inakwenda zake. Ushauri wangu ni ule ule kila siku: weka walinzi wenye macho mazuri mnarani kwanza, kinasa kiwe cha pili. Ndege ya kilomita 240 kwa saa inamaliza kilomita 8 kwa dakika mbili.

"Kinasa chenyewe ndicho kinachokuchoma kwa adui."

Hii ina mzizi. Metox kweli ilivujisha mawimbi kidogo, na mwaka 1943 askari wa anga wa Uingereza aliyetekwa aliwaambia Wajerumani kwamba ndege zinayafuata. Wakaamini, na Agosti wakapiga marufuku kuitumia. Haikuwa kweli, kilichokuwa kinawaona ni rada ya sentimita 10.

"Nimezamia mita 40, mbona kinasa hakifanyi kazi?"

Maji ya chumvi yanayala mawimbi hayo ndani ya sentimita chache. Antena haipo juu ya maji, hakuna kinasa.

"Kama si rada, basi gemu limenionea."

Huyu ameshabonyeza kitufe cha kuripoti makao makuu mara tano tangu asubuhi. Redio yako inasikika na maadui pia, nao wanapima ilikotokea. U-197 ilizamishwa tarehe 20 Agosti 1943 kusini ya Madagaska na ndege mbili za Catalina za Waingereza, za kikosi cha 259 na cha 265, baada ya mawasiliano ya nyambizi za Kijerumani eneo lile kunaswa na kupimwa. Kikosi hicho cha 259 baadaye kiliwekwa Dar es Salaam, kwa hiyo msiniambie bahari yetu haikuhusika. Tuma ripoti ikiwa una la kusema, kisha hama hapo haraka, na ikiwezekana uhame ukiwa chini ya maji.