Shanghai Tower: ukuta wa vioo unaoning'inia

Mnara wa Shanghai Tower nchini China una urefu wa mita 632, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyojipinda, jumla takribani nyuzi 120. Ukuta wake wa nje una vioo zaidi ya 20,000. Vimeshikwa na nini, ilhali sakafu za ghorofa nyingi haziufikii ukuta huo?

Mnara una kuta mbili za vioo. Wa ndani ni wa duara na hufuata ukingo wa sakafu. Wa nje umekaa mbali nao, na katikati kuna uwazi wenye bustani. Kujipinda huko si urembo mtupu: majaribio ya upepo yalionyesha kuwa kunapunguza nguvu ya upepo kwa asilimia 24 hivi, na chuma kingi kikaokolewa.

Wahandisi waliamua kuutundika ukuta wa nje. Jengo limegawanywa katika kanda, yaani makundi ya ghorofa zilizopangana, na kati ya kanda na kanda kuna ghorofa za mitambo zenye mihimili mizito inayochomoza nje. Kwenye mihimili hiyo zimefungwa fito za chuma zinazoshuka chini, nazo zinabeba mabomba ya chuma yaliyokunjwa kufuata umbo la mnara, mfano wa chandarua cha duara kilichofungwa darini. Chuma kinachovutwa hakijikunji, kwa hiyo fito zinaweza kuwa nyembamba. Ukuta huo ungesimamishwa juu ya nguzo, nguzo zingelazimika kuwa nene na mandhari yangezibwa. Upepo nao hupokelewa na vyuma vya mlalo vinavyotoka kwenye sakafu hadi kwenye mabomba.

Kazi ngumu hasa, na kwangu ndiyo inayostahili sifa kuliko umbo lenyewe, ni kuuacha ukuta usogee. Ghorofa ya mitambo ikielemewa, ukingo wake hushuka. Jua likiwaka, chuma hurefuka. Tena mihimili haikuchomoza kwa urefu sawa kuzunguka mnara, hivyo upande mmoja hushuka kuliko mwingine na fremu za vioo zilizo jirani huvutana. Ndiyo maana vyuma vya mlalo huzuia ukuta usiende mbele wala nyuma, lakini huuruhusu kupanda na kushuka, na chini ya kila kanda kuna kiungo kinachoteleza. Kiungo hicho kikikazwa kwa bolti, mzigo utahamia kwenye vioo, na kioo hakivumilii kukunjwa.

Vioo vyenyewe havikuhitaji kupindwa. Vimesimamishwa wima, kila ghorofa ikizungushwa kidogo juu ya iliyo chini yake, na ukingo kama wa kidato unaobaki kati yake hufunikwa kwa kibao cha mlalo.

Mwenye mradi wa jengo la vioo, hata la ghorofa kumi, amuulize mhandisi wake: sakafu ikishuka, fremu ya kioo inakwenda wapi? Aonyeshwe mchoro wa kiungo kinachoiruhusu kusogea, wenye vipimo vya milimita, kabla vioo havijaagizwa.