Kumpeleka Mbwa au Paka Réunion: Anza na Chipu, Tiketi Baadaye

"Habari daktari. Nimekuja kuchukua cheti cha mbwa, tunasafiri Ijumaa ijayo."

Nikimwona mtu kaunta ameshika bahasha ya khaki mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono wa pili, moyo hunipasuka kabla hajafungua kinywa. Safari hii alikuwa mama mmoja wa Kileleshwa, Nairobi. Mumewe amepata kazi kisiwani Réunion, nyumba wamepata, shule ya watoto wamepata, tiketi zimelipiwa. Mbwa wao, jike la miaka minne aitwaye Tofi, alikuwa na kadi ya chanjo iliyojaa mihuri, hakuna mwaka uliorukwa. Nikapitisha skana shingoni, mabegani, hadi kwenye miguu ya mbele, nikitafuta chipu ya utambulisho, maana nyingine huteremka. Kimya, hana chipu. Ilikuwa 3 Machi, na ikanibidi nimwambie yule mama kwamba Tofi hawezi kuingia Réunion kabla ya Julai. Watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisikia kila neno.

Nimeamua kuyaandika haya ili mwingine asiyasikie akiwa ameshalipa tiketi.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Réunion iko huku kwetu Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, masharti yake yatakuwa mepesi. Réunion ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946. Ukimshusha paka pale ni kama umemshusha Paris, sheria ni zilezile za Umoja wa Ulaya. Umoja huo una orodha ya nchi za nje ambazo wanyama wake huingia bila kupimwa damu, na Kenya haimo. Mauritius imo, na ni jirani wa karibu wa Réunion, kwa hiyo kila baada ya muda mtu huniuliza kama hawezi kupitia huko ili mbwa ahesabiwe wa Mauritius. Haiwezekani. Mbwa aliyetoka Nairobi akabadilisha ndege Mauritius bado ni mbwa wa Nairobi, na Mauritius yenyewe ina vibali na karantini yake.

Sababu ya Kenya kutokuwemo ni moja: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mara ya kwanza 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na haujatutoka. Makadirio ambayo mipango ya serikali huyategemea ni watu 2,000 hivi wanaokufa kila mwaka, wengi wao watoto, na mpango wa taifa wa kuukomesha ulioanza 2014 umejiwekea lengo la 2030. Réunion haina kichaa cha mbwa. Kwa hiyo sioni uonevu wowote katika masharti yao. Mimi ningekuwa daktari wa mifugo kule ningeyadai hayohayo.

Sasa, mpangilio wenyewe. Kwanza chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, nacho hubeba namba ya tarakimu 15. Iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO, la sivyo skana za uwanjani hazitaisoma. Namba zinazoanza na 404 ni za Kenya. Zinazoanza na 9 mara nyingi ni za mtengenezaji, na zote zinakubalika. Chipu ikishaingia na kusomwa, ndipo chanjo ya kichaa. Siku moja yatosha kwa vyote viwili, mradi chipu itangulie. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata kama ilidungwa na daktari bora kuliko wote jijini, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa siku ile ndiye huyu aliyesimama hapa. Ndivyo miaka minne ya mihuri ya Tofi ilivyopotea. Kliniki iliyokuwa ikimchanja haikuwahi kumtajia mama yule neno chipu, na hilo linaniuma, kwa sababu ni swali moja tu la kuuliza: je, kuna siku mtahama na mbwa huyu?

Mtoto wa mbwa au wa paka hachanjwi kabla ya wiki 12.

Baada ya chanjo unahesabu siku 30 kamili, kisha damu. Tofi nilimchanja siku ileile ya 3 Machi, kwa hiyo damu isingetoka kabla ya 2 Aprili. Mbwa hutolewa damu kwenye mguu wa mbele na kazi inakwisha. Paka ana mambo yake: namfunga kwa taulo kama mandazi, kichwa tu kinabaki nje, namnyoa sehemu ndogo ya shingo na kutoa damu kwenye mshipa mkubwa huku mwenye paka akimnong'oneza. Damu nikiizungusha kwenye mashine, chembe nyekundu zinakaa chini na juu inabaki seramu, maji ya rangi ya majani makavu. Hiyo ndiyo husafiri, ikiwa ndani ya barafu za pakiti, hadi kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Iliyo karibu nasi ni Onderstepoort, Afrika Kusini. Wanaothibitisha ubora wa maabara hizi ni wataalamu wa Nancy, Ufaransa, ambako kipimo chenyewe, kiitwacho FAVN, kilibuniwa. Seramu ya mnyama wako huwekwa pamoja na virusi vya kichaa na kuangaliwa kama itavizima. Matokeo yanatakiwa yafike angalau uniti 0.5 kwa mililita.

Jibu likiwa zuri, watu huja wakifurahi kwamba sasa wanaweza kuondoka. Bado. Kuanzia siku damu ilipotolewa, ngoja miezi mitatu.

Hapa ndipo ninapogombana na wateja zaidi, na nawaelewa. Kama damu imeonyesha kinga, tunangoja nini? Kwa hiyo niruhusu nieleze taratibu. Virusi vya kichaa havisafiri kwa damu. Mbwa aking'atwa mguuni, virusi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa au hata miezi. Muda wote huo mbwa anakula, anacheza, anabweka getini kama kawaida. Ukimchanja katika siku hizo anaweza kutengeneza kingamwili za kutosha, karatasi ikasoma vizuri, na bado akaja kuugua, kwa sababu ugonjwa ulishatangulia chanjo. Damu inajibu swali la kwanza: chanjo imeshika? Miezi mitatu inajibu la pili: tulipomchanja, alikuwa tayari ameubeba? Hilo la pili hakuna maabara inayoweza kulijibu kwa mnyama aliye hai na mzima. Linajibiwa na kalenda peke yake. Mwaka ambao mbwa mmoja anayebeba ugonjwa ataingia kwenye kisiwa kisicho nao, watu watakaolipa ni watoto wa kule, ambao hawajawahi kufundishwa kuogopa mate ya mbwa.

Jumlisha sasa: siku 30, kisha miezi mitatu. Tofi, 2 Julai. Mtoto wa paka aliyezaliwa leo atakaribia miezi saba kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Lakini kuna habari njema ambayo watu hawaambiwi. Kipimo cha damu kikishapita, hakirudiwi maisha yote ya mnyama huyo, ilimradi kila chanjo ya marudio idungwe kabla ile ya mwisho haijaisha. Ikichelewa siku moja, umeanza upya: chanjo, siku 30, damu, miezi mitatu. Kwa hiyo ninyi mnaoishi Nairobi kwa mikataba ya miaka miwili mitatu, ninyi wa Gigiri na Runda, na ninyi Wakenya ambao barua ya kazi inaweza kuja wakati wowote, fanyeni kipimo hicho sasa, mbwa akiwa hana safari yoyote. Weka karatasi kwenye faili. Siku barua ikija, mnyama yuko tayari kabla yako.

Karatasi zinatisha kuliko zinavyostahili, isipokuwa pale penye namba. Miaka kadhaa iliyopita nilinakili namba ya chipu ya paka mmoja kwa mkono kwenye fomu ya maabara nikageuza tarakimu mbili zilizo jirani. Matokeo yalirudi mazuri kabisa, yakiwa ya paka asiyekuwepo. Maabara haiwezi kubadilisha namba kwa simu, na haipaswi. Tukatoa damu tena, familia ikangoja miezi mitatu mingine, na mimi nikabeba gharama. Tangu hapo hatunakili. Namba hutoka kwenye skana, kibandiko cha chipu hubandikwa kwenye fomu, na mtu wa pili huisoma kwa sauti huku wa kwanza akifuata kwa kidole.

Cheti cha afya chenyewe hutolewa mwishoni, kwa sababu kinadumu siku 10 tu hadi kuingia kisiwani. Kiwe kwa Kifaransa na Kiingereza. Daktari wa kliniki hukiandaa, lakini muhuri unaohesabika ni wa daktari wa serikali, kwa hiyo kwetu ni safari ya Kabete. Usiende siku ya kuruka. Nenda siku tatu nne kabla, ukiwa na kadi ya chanjo, jibu la maabara na mnyama mwenyewe. Angalia pia jina la mwenye mnyama. Yeye ndiye anayetakiwa kusafiri ndani ya siku tano za safari ya mnyama, kabla au baada. Ikizidi hapo, mnyama huhesabiwa ni bidhaa na masharti hubadilika. Ndiyo sababu kwenye karatasi za Tofi tuliandika jina la mama, maana baba alitangulia Machi. Mwisho wa idadi ni wanyama watano.

Dawa ya minyoo ya tegu ambayo Ayalandi na Finlandi huidai kwa mbwa, Ufaransa haiidai.

Kuna jambo moja ambalo kungoja hakulitatui, nalo linawagusa watu wa Nairobi hasa. Sheria ya Ufaransa ya 1999 inakataza kabisa kuingiza mbwa wa kundi la kwanza la hatari, na ndani yake wamo mbwa wa umbo la pitbull na wa umbo la Boerboel. Boerboel wamejaa kwenye mageti ya Karen na Kitengela. Ni mbwa ninaowapenda, na nimewatibu wengi wapole kuliko mbwa wadogo wa sofani. Lakini ukiwa na Boerboel, usimtie chipu kwa ajili ya Réunion. Tafuta mapema ndugu au rafiki atakayemlea vizuri. Rottweiler yuko kundi la pili: anaingia, ila mwenyewe atahitaji kibali, na mbwa atatembea barabarani amefungwa mdomo.

Kizimba cha kusafiria kipime kwa futi, si kwa macho. Chukua urefu kutoka puani hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa kutoka sakafuni hadi kiwiko: huo ndio urefu wa kizimba. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni hadi ncha ya sikio, pamoja na tandiko. Hivyo ndivyo vipimo vya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na mbwa au paka wa pua bapa huongezewa asilimia 10. Hao wa pua bapa, pagi na paka wa Kiajemi, wanipe sababu nzuri kabla sijawaruhusu wasafiri kati ya Desemba na Machi, wakati Réunion kuna joto, unyevu na vimbunga. Na tafadhali, msiwape dawa ya usingizi. Mnyama aliyelewa dawa hawezi kujisawazisha ndege ikiyumba, shinikizo la damu linashuka, na hakuna wa kumwangalia kule chini. Mzoeze kizimba mwezi mzima kabla, awe anakula chakula chake humo.

Kule kuna mbu wanaoeneza minyoo ya moyo, kwa hiyo anza dawa ya kinga na usiikatize. Paka naye ahasiwe kabla ya safari, na usiku alale ndani. Milimani kule kuna ndege wa baharini, petreli wa Barau, ambaye hazaliani kwa kawaida mahali pengine popote, na paka wanaozurura humla kwenye mashimo yake ya kutagia.

Tofi aliondoka wiki ya kwanza ya Julai. Mama alitandika kizimbani leso yake aliyoilalia siku tatu bila kuifua, kama nilivyomwomba, na bakuli la maji tulilifunga mlangoni likiwa limegandishwa usiku kucha kwenye friza, liyeyuke kidogo kidogo njiani badala ya kumwagika wakati wa kupakia.