Kitega uchumi hutegwa wapi

Mwezi huu nimesikia mara tatu uwanja wa mpira ukiitwa kitega uchumi. Mara mbili za kwanza nilinyamaza, maana haikuwa mahali pa kubishana. Mara ya tatu ilikuwa mezani kwangu, sinia la pilau katikati yetu. Aliyesema ni kaka mmoja tunayeishi naye mji huu wa Birmingham, jimbo la Alabama, mtu ninayemheshimu na ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Mazungumzo yalikuwa juu ya iwapo mji wa ukubwa wa kati huku Kusini mwa Marekani unafanya vema kutoa fedha za umma kujenga uwanja mkubwa. Akasema, "Uwanja ni kitega uchumi, ndugu yangu. Huoni watu wanavyomiminika?" Pilau likaisha, hoja ikabaki imening'inia, nami nikarudi nayo kitandani.

Maana yenyewe haichukui muda. Kitega uchumi ni mali unayoigharimia leo ili ikuletee pato kutoka kwa wengine, tena na tena, mpaka irudishe gharama yake na kuzidi. Nyumba ya kupangisha ni kitega uchumi. Shamba la mikorosho pia. Na Dar es Salaam kuna maghorofa ya mifuko ya pensheni ambayo huitwa waziwazi majengo ya vitega uchumi: mpangaji analipa kodi ya ofisi, kodi inaingia mfukoni, mstaafu analipwa pensheni yake.

Kinachonikera ni kwamba neno hili linajieleza lenyewe, nasi tunalipita bila kulisikiliza.

Anza na uchumi. Siku hizi ni neno la mawaziri na bajeti, lakini mzizi wake ni chuma, kitendo cha mkono: kuchuma karafuu, kuchuma embe mtini. Kutoka hapo tukapata kuchuma mali, tukapata chumo, na wazee wakatuachia mchumia juani hulia kivulini. Kwa hiyo uchumi, kabla haujavaa suti, ni kile kilichokuwa mtini na sasa kimo kikapuni mwako. Kimehama. Kama kilikuwa kikapuni tangu asubuhi, hujachuma kitu, umekihesabu tu.

Kisha ki-, ile ya kifaa, kama kwenye kinasa sauti na kizima moto.

Halafu tega, ambalo ndilo roho ya neno zima. Hatukusema "kiweka uchumi". Weka ni kitendo kilichotulia. Unaweka kikombe mezani na habari imekwisha. Kutoka kwenye weka tumepata kuwekeza na uwekezaji, maneno mazuri, ila hayakuulizi swali lolote. Tega linauliza. Anayetega amekisia kwamba kuna kitu kinapita mahali fulani, kwamba kitavutwa, na kwamba kitakaponasa kitakuwa chake. Ndiyo maana hata mtu akisema "Kitendawili!" tunamjibu "Tega!", kisha tunakaa kusubiri kama kuna atakayenasa. Aliyeunda kitega uchumi alilichagua tega, na kwa kulichagua alitupa na kipimo chake.

Mimi kipimo hicho nilikiona kwa macho kabla sijajua kusoma. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa madema huko Tanga. Dema, kwa asiyelijua, ni tego la kusuka kwa fito nyembamba, pana kama meza ya watu wanne, lenye mdomo unaoingia ndani kwa kubanana ili samaki akishapita asipate njia ya kurudi. Linawekewa mawe lizame, na chambo ndani yake. Mjomba hakulitupa popote tu. Alilinganisha mnazi mmoja mrefu wa ufukweni na mnara wa msikiti, akasogeza ngalawa mpaka viwili hivyo vikakaa mstari mmoja, ndipo akaliteremsha taratibu kwa kamba, pembeni mwa mwamba ambako samaki hupita maji yakijaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitege karibu na pwani, asijichoshe kupiga kasia. Akasema pale karibu tayari kuna wavu wa ndugu yake. Akitega pale samaki atanasa, lakini jioni, kwenye chungu kimoja cha nyumba moja, samaki ni wale wale.

Sasa turudi Birmingham. Mji huu una watu kama 200,000. Mwaka 1960 ulikuwa na zaidi ya 340,000, enzi chuma na makaa ya mawe vilipokuwa vikiulisha. Una viwanja viwili vikubwa. Kile cha zamani, Legion Field, kilifunguliwa mwaka 1927. Kipya, Protective Stadium, kilifunguliwa Oktoba 2021, kina viti takribani 47,000 na kiligharimu karibu dola milioni 200. Mji peke yake uliahidi dola milioni 3 kila mwaka kwa miaka 30, yaani milioni 90, na taasisi nyingine za umma zimebeba sehemu kubwa ya mzigo uliobaki. Mpangaji wake mkuu ni timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha hapa hapa, UAB, inayocheza nyumbani mara sita au saba kwa mwaka. Kuna pia Stallions, timu ya kulipwa ya ligi ya majira ya machipuko, na matamasha ya hapa na pale.

Jiulize kama mjomba: nani anapita hapo, na alikuwa akienda wapi?

Jumamosi ya mechi ya UAB wanaojaza viti ni wanafunzi wa UAB, wahitimu wake na majirani zao, wengi wao wakazi wa mji huu na viunga vyake. Baba anayelipia tiketi nne na soda nne angekuwa wapi siku hiyo? Angewapeleka watoto sinema, au kula mbavu za kuchoma kwenye mgahawa wa mtaani, au angenunua mbao za kurekebisha baraza. Fedha zake zingezunguka Birmingham vilevile. Zimetoka kwa mwenye mgahawa, zimeingia kwa mwenye kibanda cha uwanjani. Mwenye kibanda ana haki ya kufurahi, ila mji haujachuma. Wanauchumi huliita jambo hili athari ya ubadilishaji, jina kavu kwa kitu ambacho mjomba alikieleza kwa chungu kimoja.

Hapa ndipo ripoti nyingi zinazoandikwa kuwashawishi madiwani hupotoka. Zinajumlisha kila dola itakayotumika ndani ya uwanja na kuzunguka uwanja, na jumla hiyo inatangazwa kuwa mapato mapya. Ni sawa na kuhesabu samaki wa dema bila kuutazama wavu wa ndugu. Mwaka 1997 wanauchumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri tafiti kadhaa za viwanja vya Marekani, wakaona hakuna kilichokaribia kuurudishia mji faida inayolingana na fedha za umma zilizotiwa. Tangu hapo watafiti wengine wameurudia uchunguzi huo kwa miji mingi na miaka mingi, na kwa sehemu kubwa sana wamefika pale pale. Ni nadra wanauchumi kuelewana hivyo juu ya jambo lolote.

Nisionekane nasema hakuna mechi inayonasa kitu. Ipo, na nimeiona. Kila mwisho wa Oktoba, Legion Field, kiwanja kile cha zamani, hupokea mchezo uitwao Magic City Classic, kati ya vyuo viwili vya kihistoria vya Wamarekani weusi: Alabama A&M kutoka Huntsville, kaskazini, na Alabama State kutoka Montgomery, kusini. Timu zote mbili ni wageni, na mashabiki makumi ya maelfu wanaingia nazo. Nenda asubuhi ile mitaa ya Graymont utazame. Mwaka juzi nilisimama mbele ya nyumba moja ya matofali mekundu ambako bibi wa makamo ya mama yangu aliketi kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, kipande cha boksi chenye bei ya maegesho kimeegemezwa ndoo. Mjukuu wake alikuwa anaelekeza magari kwenye majani ya mbele ya nyumba, moja moja, mpaka mlango ukabaki na njia ya mtu mmoja kupita. Nikasoma namba za magari; nyingi zilikuwa za kaunti za mbali. Hiyo ni hela iliyolala nje ya mji jana na leo imo mfukoni mwa bibi. Siku hiyo, kwa bibi yule, uwanja ulikuwa umetegwa kweli.

Lakini ni siku moja, na ilitokea kwenye kiwanja kilichojengwa karibu karne nzima iliyopita. Haikuhitaji kipya.

Kuna jambo lingine ambalo neno tega linatukumbusha na ambalo kaka yangu hakulitaja: windo lina miguu. Kwa miaka arobaini, kuanzia 1948, timu za vyuo vikuu vya Alabama na Auburn walikutana kila mwaka Legion Field katika mchezo wao mkubwa, Iron Bowl, na nje ya ukuta wa kiwanja palipakwa maandishi ya kuutangaza mji huu makao makuu ya mpira wa Kusini. Auburn wakapanua kiwanja chao, na mwaka 1989 wakaupeleka mchezo kwao kwa mara ya kwanza. Alabama nao wakapanua cha kwao Tuscaloosa, na Iron Bowl ya mwisho hapa ikachezwa mwaka 1998. Fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ilianzia hapa 1992, ikarudi 1993, mwaka uliofuata ikahamia Atlanta. Ghorofa ya juu ya Legion Field ilikuja kubomolewa kwa sababu za usalama. Huko Memphis, jirani yetu wa kaskazini-magharibi, walijenga ukumbi wa michezo wenye umbo la piramidi kando ya mto Mississippi, ukafunguliwa 1991. Wakapata timu ya kikapu ya NBA, na timu ikataka ukumbi mpya, ikahamia 2004. Piramidi ikakaa miaka karibu tupu, na tangu 2015 ni duka kubwa la vifaa vya uvuvi na uwindaji.

Jengo la ofisi likimpoteza mpangaji, unatafuta daktari wa meno au wakala wa bima. Uwanja wa watu 47,000 ukimpoteza mpangaji, wangapi nchini wanaweza kuupanga? Kwa hiyo mpangaji ndiye hupanga kodi, mara nyingi kwa kutaja jina la mji mwingine unaomtamani.

Tena gharama ya mtego huu inawagusa waliokuwemo na wasiokuwemo. Ile milioni 3 ya kila mwaka inatoka hazina ile ile inayoziba mashimo ya barabara na kulipia mabasi. Mama anayesubiri basi upande wa magharibi wa mji ni mwenye dema kama sisi wote, hata kama hajawahi kukanyaga uwanjani. Ana haki ya kuambiwa kwa neno sahihi alichonunuliwa.

Na neno sahihi lipo, tena si tusi. Uwanja ni huduma ya burudani. Uko kundi moja na bustani ya umma, maktaba, bwawa la kuogelea la mtaa. UAB walipofuta timu yao Desemba 2014, watu walilia hadharani, wakachanga fedha, na mwaka 2017 timu ikarudi uwanjani. Mji uliopoteza viwanda na nusu ya fahari yake ulitaka kitu cha kushangilia pamoja. Mimi nayaheshimu machozi yale. Kama wakazi wanaitaka furaha hiyo na wako tayari kuilipia, wailipie, madiwani waseme: hili ni tumizi, bei yake ni hii, na haitarudi kwa hela. Hapo tunaweza kubishana kama bei ni ya haki. Tukishaliita kitega uchumi, mjadala umefungwa kabla haujaanza, maana nani atakataa kitu kinachojilipa?

Kwa hiyo kaka, usinielewe vibaya. Mechi ijayo nitakuja na skafu yangu ya kijani. Ila neno ulilotumia linamfaa mwingine. Vuka reli uende upande wa kusini wa katikati ya mji, uone hospitali ya UAB. Wagonjwa wanaletwa kutoka kila pembe ya Alabama, wengine kutoka Mississippi, usiku na mchana, Jumamosi na Jumatatu. Bima zao zinalipa huku, ndugu zao wanalala kwenye hoteli za huku, na chuo pamoja na hospitali yake ndiye mwajiri mkubwa kuliko wote katika jimbo zima. Hicho ndicho kitega uchumi cha Birmingham, nawe unakijua vizuri kuliko mimi, maana zamu yako ya leo usiku iko huko, ghorofa ya sita.