Kubungua Bongo: Andikeni Kwanza, Semeni Baadaye

Kikundi kikikaa kutafuta wazo jipya, hapa Mombasa mambo mara nyingi huenda hivi: mwenyekiti anafungua kwa dua, anatoa lake, kisha sauti zinafuatana, "Nami naunga mkono." Binti aliyekaa karibu na mlango alikuwa na lake, lakini atampingaje mtu mzima mbele ya watu? Anarudi nalo nyumbani. Katika mafunzo yetu kwa vikundi vya kina mama na vijana, hili hutuuma sana.

Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara Marekani aliyeeneza kubungua bongo, aliweka masharti manne: wazo lisikosolewe linapotolewa, yatafutwe mengi, ya ajabu yakaribishwe, na la mwenzako uliendeleze. Masharti mazuri. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa, walitoa mengi kuliko waliokaa pamoja wakizungumza. Mmoja akisema, wengine husubiri, na katika kusubiri wazo hupotea.

Kwa hiyo shikeni karatasi. Mwaka 1968 Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza njia ya watu 6, mawazo 3, dakika 5. Kila mmoja anaandika matatu kimya kimya kwa dakika tano, anampa jirani karatasi, naye anasoma na kuongeza matatu, mpaka kila karatasi impitie kila mtu. Nusu saa, mawazo 108. Asiyejua kuandika amnong'oneze mwenzake amwandikie; msimwache nje.

Tuseme kina mama wa Likoni, karibu na kivuko cha feri, wanapika mahamri: asubuhi yanaisha, jioni yanabaki. "Tuboresheje biashara?" ni swali pana mno. Ulizeni: "Anayeshuka feri saa kumi na moja jioni anataka kula nini, na ana dakika ngapi?" Wa kwanza ataandika mbaazi kwenye kikopo. Wa pili ataongeza: akirudisha kikopo, apunguziwe bei. Wa tatu: aagize kwa simu akiwa bado ng'ambo ya pili ya kivuko, akute tayari. Hilo la tatu lisingekuja bila lile la kwanza, ambalo lilikuwa la kawaida kabisa.

Kuchagua kufanyeni siku nyingine, na mwenyekiti aseme wa mwisho. Litakalochaguliwa lijaribiwe wiki moja, kwa kilo mbili za unga, kabla hamjanunua gunia.