Pumba za nguruwe, vidonda na uji wa lishe: yanayosemwa kuhusu tumbo Nyanda za Juu Kusini

Msimu wa mavuno unapoanza, swali la kijana wa mashine ya kusaga ninayoitumia hapa Uyole, Mbeya, huwa lilelile: “Shikamoo mama. Tunakoboa?” Wengi tunaitikia ndiyo. Debe la mahindi humiminwa kwenye mashine ya kukoboa, maganda na viini hutoka upande mmoja yakiwa pumba, na kilichobaki husagwa kikawa sembe nyeupe na laini kama unga wa ngano. Pumba hukingwa kwenye kiroba kwa ajili ya nguruwe. Siku moja nilisimama pale nikikitazama kiroba kile kikijaa, nikajiona nimeacha watoto wangu wale kilichobaki baada ya nguruwe kuchaguliwa kilicho bora.

Dhana tunayoishi nayo ni kwamba sembe ndicho chakula cha mtu mwenye uwezo, ilhali dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni la shule za bweni na magereza, tena huumiza tumbo. Ukweli ni kwamba ganda la hindi ndilo lenye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, na kiini ndicho chenye mafuta mazuri na vitamini nyingi. Nyuzinyuzi hatuwezi kuzimeng’enya sisi wenyewe. Hupita hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria wasiohesabika huzichachusha na kutengeneza asidi ndogondogo za mafuta ambazo ndizo chakula cha chembe za ukuta wa utumbo huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kiasi ambacho ni vigumu kukifikia kwa sahani ya ugali wa sembe na kipande cha nyama. Aliyezoea sembe akihamia dona kwa siku moja atajaa gesi na kulalamika, na hapo ndipo sifa mbaya ya dona inapozaliwa. Achanganye nusu kwa nusu kwa wiki mbili au tatu, tumbo litazoea.

Lakini nisilisifie dona kupita kiasi. Mahindi yaliyoanikwa chini yakanyeshewa, au yaliyohifadhiwa mabichi, huota ukungu unaozalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kukoboa huipunguza kwa kiasi fulani, kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo dona linataka mahindi makavu, yaliyoanikwa juu ya turubai na kupembuliwa punje mbovu, na lisagwe kidogokidogo, kwa sababu mafuta ya kiini hulifanya lichache mapema.

Hakuna ugonjwa unaozungukwa na maneno mengi huku kwetu kama vidonda vya tumbo. Nimekua nikiambiwa kwamba huletwa na kukaa na njaa, pilipili, maharage na mawazo mengi, na kwamba tiba yake ni glasi ya maziwa kila asubuhi pamoja na kuachana na maharage maisha yote. Mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa mji wa Perth nchini Australia, walifanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeishi kwenye ukuta wa tumbo, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakusadiki kwamba kiumbe chochote kingeweza kuishi katika asidi ile, hivyo mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Bakteria huyo, ambaye wengi humpata utotoni kutoka kwa watu wanaoishi nao, ni chanzo kimoja kikubwa cha vidonda. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, na hapa ndipo ninapoona hatari kwetu sisi wakulima: mtu ameshinda siku nzima akivuna viazi, kiuno kinauma, anapita duka la dawa kununua vidonge viwili, kesho viwili tena, na baada ya miezi kadhaa analaumu pilipili. Pilipili na njaa vinaweza kuyachochea maumivu ya kidonda kilichokwishakuwapo, lakini havikichimbi. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo huzalisha asidi zaidi ili kuyameng’enya. Tiba ni kupimwa, kwa kinyesi au kwa pumzi, na bakteria akionekana, kumeza antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, bila kuacha siku ya nne kwa kuwa maumivu yametulia. Unga wa mizizi unaouzwa stendi haufanyi kazi hiyo, hata muuzaji akiwa na kipaza sauti.

Maharage, basi, yamesingiziwa. Gesi inatokana na aina fulani za sukari ambazo bakteria wa utumbo mpana huzila kwa furaha, na hupungua sana ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kabla ya kuyabandika. Anayeyala mara kwa mara hupata gesi kidogo kuliko anayeyala mara moja kwa mwezi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi. Ninachowasihi mama zangu wakiache ni magadi: yanaharakisha kuivisha na kuokoa mkaa, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Na chai ya Rungwe au Mufindi, tamu kama ilivyo, isinywewe juu ya mlo wa maharage na mboga za majani, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Ingoje saa moja hivi.

Kuhusu mtindi, wengi wa Rungwe na Njombe hushikilia kuwa ule wa maziwa yasiyochemshwa ndio wenye nguvu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng’ombe, na kuganda peke yake hakutoshi kuwaua. Mama mkwe wangu huyachemsha, huyaacha yawe vuguvugu, huchanganya vijiko viwili vya mtindi wa jana, kisha huviringisha chungu kwa blanketi, kwa sababu baridi ya Julai huchelewesha mgando hata siku nzima. Bakteria wazuri wanatoka kwenye vijiko vile viwili, kwa hiyo kuchemsha hakupotezi kitu. Bakteria hao hula sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana mtu anayeungurumwa na tumbo akinywa maziwa freshi mara nyingi huvumilia mtindi.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mkoa wenye chakula kingi hauwezi kuwa na watoto wenye utapiamlo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 30 kitaifa, lakini Iringa asilimia 56.9 na Njombe 50.4. Ghala limejaa mahindi, parachichi zimepakiwa kwenye lori, na mtoto anakula uji mweupe asubuhi na ugali jioni. Tena mtoto anayeharisha kila mara kwa maji na mikono michafu huharibika ukuta wa utumbo, na hata akila vizuri virutubishi havifyonzwi ipasavyo.

Jibu la wengi ni uji wa lishe wenye nafaka saba, karanga, soya na dagaa, vyote vikisagwa pamoja, kana kwamba wingi wa vitu ndio lishe. Karanga na dagaa hufanya unga uchache upesi, karanga zenye ukungu huleta sumukuvu, na soya isiyochemshwa au kukaangwa ina kitu kinachozuia protini isimeng’enywe. Nafaka moja, kwa mfano ulezi au dona, inatosha. Karanga zilizotwangwa siku hiyo, maziwa au parachichi lililopondwa viongezwe kwenye bakuli. Nusu ya parachichi ina nyuzinyuzi nyingi na mafuta mazuri, na haina lehemu (kolesteroli) hata chembe, kwa kuwa lehemu hutoka kwa wanyama.

Kuhusu dawa za “kusafisha tumbo” sina mengi. Ini na figo husafisha mwili usiku na mchana, na kuharisha kwa makusudi hutoa maji na chumvi za mwili. Mwenye choo kigumu aongeze dona, maharage, matunda, maji na kutembea. Anayeona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyohiyo; anayekonda bila sababu, aende wiki hiyohiyo.